Mba zinazonata na nywele zinazotoka baada ya kujifungua

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Nina umri wa miaka 31. Kichwa changu kinatoa mafuta mno. Nikiosha leo, kesho nywele zimeshalala kwa mafuta. Nina mba za rangi ya njano, zinanata, na zinawasha zaidi kwenye ukingo wa paji la uso na nyuma ya masikio. Nywele zinatoka kwa wingi hadi naogopa kuchana, na utosini naona mstari wa kugawia nywele unazidi kupanuka. Nimepunguza kuosha ili zisitoke zaidi, na kila usiku napaka mafuta ya zeituni kulainisha magamba. Shampuu ya mba niliitumia wiki mbili, nikapona, nikaacha, zikarudi. Nilijifungua miezi mitano iliyopita na bado nanyonyesha. Je, mba hizi ndizo zinazomaliza nywele zangu? Zitaota tena? Mtoto wangu anaweza kuambukizwa? Na je, ninyoe nianze upya?"

Dada yangu, pole kwa usumbufu, na hongera kwa mtoto. Nianze na lile linalokutia hofu zaidi. Kwa maelezo yako, nywele zako zina nafasi kubwa ya kurudi. Mba zina mchango wake, lakini sidhani kama ndizo sababu kubwa. Sentensi iliyonivuta macho katika barua yako ni ile uliyoiweka karibu na mwisho, kwamba ulijifungua miezi mitano iliyopita. Naona matatizo mawili yaliyokukuta kwa wakati mmoja, na kila moja lina tiba yake na muda wake. Ukiyachanganya utatibu mba, utaona nywele bado zinatoka, utakata tamaa na kuacha dawa iliyokuwa inakufaa.

Kichwa chenye mafuta mengi, magamba ya njano yanayonata, mwasho kwenye ukingo wa nywele na nyuma ya masikio: hayo ndiyo maelezo ya ugonjwa ambao madaktari huuita demataitisi ya seboriki. Mba za kawaida ni vipande vidogo vyeupe, vikavu, na ngozi iliyo chini yake ni nzima. Katika hali yako ngozi yenyewe imewaka. Kwenye ngozi nyeupe utaona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na badala yake hutokea mabaka yaliyopauka au yaliyozidi weusi, ndiyo maana wengi huambiwa hawana kitu.

Anayehusika ni fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Malassezia, aliyepewa jina la Mfaransa Louis-Charles Malassez aliyemchunguza katika miaka ya 1870. Anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, kwa hiyo usidhani kwamba umeokota uchafu mahali fulani. Fangasi huyu hawezi kujitengenezea asidi za mafuta anazohitaji ili aishi, hivyo hutegemea mafuta yanayotoka kwenye tezi za ngozi yako. Huyavunja kwa vimeng'enya vyake, akachukua sehemu anayoitaka na kuacha nyuma asidi ya oleiki. Kuna watu ambao ngozi yao haijali. Kwa wengine asidi hiyo hupenya, ngozi hukereka, na seli huanza kuzaliana kwa pupa. Ngozi ambayo kwa kawaida hujibadilisha kwa muda wa takriban mwezi mmoja sasa inasukuma juu seli changa ambazo hazijakomaa, zikiwa zimeshikana kwa mafungu na kulowana mafuta. Hayo ndiyo magamba yako.

Sasa utaona kwa nini nataka uache mafuta ya zeituni leo hii. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki, ile ile inayokukera. Yanalainisha magamba, ndiyo, na kwa saa chache unahisi nafuu, lakini yakilala kichwani usiku kucha yanamlisha fangasi na kuiongezea ngozi kero. Mafuta mengi ya mimea yana tatizo kama hilo kwa kiasi tofauti. Ngozi ya kichwa chako haina upungufu wa mafuta. Inatoa zaidi ya inavyohitaji. Kama ncha za nywele ni kavu, zipake ncha peke yake.

Kuhusu kuosha, nakuomba ubadili kabisa ulichokuwa ukifanya. Imeenea imani kwamba ukiosha mara nyingi ngozi hutoa mafuta zaidi ili kufidia. Tezi za mafuta zinaongozwa na homoni, hasa zile za jamii ya androjeni (homoni za kiume, ambazo wanawake pia wanazo kwa kiasi), pamoja na urithi. Hazipati habari yoyote kwamba umeosha kichwa. Usipoosha, mafuta yanarundikana, fangasi wanashiba, mwasho unaongezeka, nawe unajikuna. Hapo ndipo mba zinapozidhuru nywele kweli kweli: kwa kucha zinazokwaruza ngozi na kukata nywele, na kwa ngozi iliyowaka, ambayo husukuma baadhi ya nywele kwenye mapumziko kabla ya wakati wake. Tofauti na magonjwa mengine nitakayoyataja mbele, ugonjwa huu hauui kifuko ambamo unywele huota na hauachi kovu. Ngozi ikitulia, kifuko hurudi kazini.

Na zile nywele unazoziona kwenye maji ya kuoshea zilikuwa zimeshaachia siku kadhaa nyuma. Zilikuwa zimekaa tu zikisubiri kuguswa. Ukikaa wiki nzima bila kuosha, utakusanya za wiki nzima na kuziona zote kwa mkupuo mmoja, na hofu itakuwa mara saba.

Dawa uliyoitumia mwanzo huenda ilikuwa sahihi. Hukupewa tu maelekezo ya kutosha. Ninayopendelea kuanza nayo ni shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2. Lowesha kichwa, gawanya nywele kwa mistari, paka shampuu kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha, kisha iache ikae dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza. Dakika hizo ndizo tiba. Mtu anayepaka na kusuuza papo hapo anamwaga dawa kwenye mfereji, kisha anasema haifanyi kazi. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Kama unahitaji kuosha siku nyingine katikati, tumia shampuu ya kawaida isiyo kali.

Baada ya hapo usiache. Hapa ndipo ulipoteleza, na wengi huteleza hapo hapo. Fangasi ni mkazi wa kudumu na tezi zako zitaendelea kutoa mafuta, hivyo hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa huu moja kwa moja. Kuna dawa ya kuudhibiti. Ngozi ikishatulia, endelea na shampuu hiyo hiyo mara moja kila wiki au kila wiki mbili. Mba zikirudi, rudia mara mbili kwa wiki. Kurudi kwake hakumaanishi kwamba dawa imeshindwa, na ukilielewa hilo utajiepusha na kuhama kila mwezi kutoka chupa hii kwenda chupa ile.

Ketokonazoli isipokufaa kwa mwezi mzima wa matumizi sahihi, zipo nyingine: shampuu yenye seleniamu salfaidi, yenye zinki pairithioni, au yenye saiklopiroksi. Seleniamu inaweza kubadili rangi ya nywele zilizotiwa rangi au zenye mvi, na vito vya fedha au dhahabu uvivue kwanza. Magamba yakiwa manene kiasi kwamba dawa haifiki kwenye ngozi, shampuu yenye asidi ya salisiliki huyayeyusha, na ni njia bora kuliko kuyabandua kwa kitana. Mwasho ukikuzidi, daktari anaweza kukuandikia losheni ya steroidi, dawa inayotuliza ngozi iliyowaka, ya kupaka kwa siku chache. Nasisitiza siku chache. Steroidi huleta raha ya haraka, na raha hiyo humfanya mtu aendelee nayo kwa miezi. Ngozi ya paji na ya nyuma ya masikio hukonda, na siku atakapoiacha ugonjwa hurudi kwa nguvu.

Usikubali vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mba. Vinaweza kuharibu ini vibaya, na mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilichukua hatua dhidi ya matumizi yake kwa fangasi wa kawaida wa ngozi. Shampuu ni habari nyingine kabisa: kiasi kinachopenya kwenda kwenye damu ni kidogo mno, na mama anayenyonyesha anaweza kuitumia. Suuza vizuri, nawa mikono, usiache povu litiririke kifuani.

Kama nywele zako ni za kipilipili, zinakauka kirahisi au zimewekwa dawa ya kuzinyoosha, kuosha mara mbili kwa wiki kunaweza kuzikatakata. Kwako mara moja kwa wiki huenda ikatosha. Dawa iishie kwenye ngozi, na nywele zenyewe zipate kondishena kuanzia katikati hadi ncha. Na kwa sasa usisuke misuko inayovuta. Nywele zinazotoka zenyewe hazihitaji kuvutwa, na ukingo wa paji ukivutwa kwa miaka hufika mahali vifuko vinakufa.

Turudi kwenye nywele. Kichwa cha binadamu kina nywele zipatazo 100,000, na kila mmoja una ratiba yake: huota kwa miaka kadhaa, husimama wiki chache, hupumzika takriban miezi mitatu, kisha huanguka na mwingine huota pale pale. Katika hali ya kawaida kati ya asilimia 85 na 90 ziko kwenye kuota, na zinazoanguka kwa siku ni kati ya 50 na 100. Wakati wa ujauzito, kiwango kikubwa cha estrojeni huzizuia nyingi zisiingie kwenye mapumziko, ndiyo maana wajawazito wengi husifiwa nywele. Mtoto akizaliwa homoni hiyo hushuka ghafla, na nywele zilizokuwa zimecheleweshwa huingia mapumzikoni kwa pamoja. Hesabu miezi miwili hadi minne mbele, nazo huanguka kwa pamoja. Wewe uko mwezi wa tano. Kalenda yako inalingana na hali hii vizuri sana, kuliko inavyolingana na mba.

Tazama nywele zilizoanguka. Nyingi zitakuwa na kidoti cheupe kwenye ncha moja. Watu huogopa wakidhani ni mzizi umeng'oka. Hicho ni kitako tu cha unywele uliomaliza mapumziko yake, na kifuko kimebaki ndani ya ngozi. Unaweza pia kujipima: shika nywele kama 50 hadi 60 karibu na ngozi, uvute taratibu hadi ncha. Zikitoka zaidi ya 6, umwagikaji bado unaendelea. Rudia baada ya wiki kadhaa, usijipime kila siku, maana utajitesa bure. Dalili ninayotaka uitafute ni vinywele vifupi vilivyosimama kwenye paji na kando ya masikio. Hizo ni nywele mpya. Zitarefuka kwa takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo hata mambo yakienda sawa, kioo kitakuchelewesha. Wanawake wengi hurudia wingi wao wa kawaida mtoto anapokaribia kutimiza mwaka.

Kinachonifanya nisifunge jalada ni ule mstari wa utosini. Umwagikaji wa baada ya kujifungua huelekea kupunguza nywele kichwa kizima, na pembeni mwa paji huonekana zaidi. Mstari wa kati unaopanuka huku ukingo wa mbele ukibaki mahali pake unaweza kuwa mwanzo wa upungufu wa nywele wa kurithi, ambao wanawake pia huupata, na ambao mara nyingi hufichuliwa na umwagikaji kama huu. Katika hali hiyo nywele mpya huota nyembamba kuliko zilizotangulia. Kwa hiyo piga picha ya utosi leo, mahali penye mwanga ule ule na nywele zikiwa kavu, na nyingine kila baada ya miezi mitatu. Picha zitakuambia ukweli ambao kumbukumbu haiwezi. Kama mama yako, shangazi zako au baba yako walipungukiwa nywele mapema, mwambie daktari.

Upungufu wa aina hiyo una dawa ya kupaka iitwayo minoksidili, lakini si sasa. Lebo zake hushauri mama anayenyonyesha asiitumie, na kwa vyovyote itakuwa mapema kuianza wakati nywele zina uwezekano wa kurudi zenyewe. Utakapofika wakati wake, jua mambo mawili. Katika wiki za mwanzo inaweza kuongeza kumwagika kabla ya kuleta nafuu, na matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi minne hadi sita. Pia ile ya maji mara nyingi ina propilini glaikoli, ambayo huwasha na kuleta magamba kwa wenye ngozi kama yako. Ya povu kwa kawaida haina. Nimeona watu wakidhani mba zao zimerudi kumbe ni dawa ya nywele inayowakera. Finasteridi, ambayo wanaume hupewa, si dawa ya mwanamke anayeweza kushika mimba.

Ukienda kupimwa, omba kipimo cha damu cha wingi wa chembe, cha feritini kinachoonyesha akiba ya chuma, na cha tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Ujauzito na damu inayopotea wakati wa kujifungua humaliza chuma, na thairoidi huweza kuyumba katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi. Vyote viwili huangusha nywele na vyote vina tiba. Usijianzishie vidonge vya nywele kabla ya vipimo hivyo. Upungufu wa bayotini, vitamini iliyomo kwenye vidonge vingi vya nywele, ni nadra, na vidonge vyake vyenye dozi kubwa huweza kupotosha majibu ya kipimo cha thairoidi. Vitamini A na madini ya seleniamu zikizidi mwilini, zenyewe huangusha nywele.

Mtoto humwambukizi. Demataitisi ya seboriki haiambukizi kwa kukumbatiana, kwa mto wala kwa taulo. Watoto wachanga wana aina yao, ule ukoko wa manjano kichwani, unaotokea katika wiki za mwanzo kwa sababu ya mafuta ya ngozi zao wenyewe na kwa kawaida huisha bila dawa kali. Ukiuona, lainisha, osha kwa shampuu ya watoto na brashi laini. Usimpake dawa zako, hasa zile zenye asidi ya salisiliki.

Kinachoambukiza ni mapunye, na hapo inabidi kuwa mwangalifu, kwa sababu mara nyingi huchukuliwa kuwa ni mba. Mtoto mkubwa mwenye magamba pamoja na kipara cha duara chenye nywele zilizokatika kama vidoti vyeusi apelekwe kliniki. Atahitaji dawa ya kumeza, shampuu peke yake haimponyi. Kwako mwenyewe, muone daktari wa ngozi mapema ukiona magamba manene meupe yenye mpaka unaoonekana wazi na yanayovuka ukingo wa nywele, hasa kama viwiko au kucha zako nazo zina kasoro, kwani hiyo inaweza kuwa soriasisi. Muone haraka zaidi ukiona sehemu inayong'aa, laini, isiyo na matundu ya nywele, au utosi unaouma na kuchoma huku upara wake ukipanuka kwa duara. Kuna magonjwa yanayoacha kovu, na kifuko kilichofunikwa na kovu hakioti tena. Kila mwezi unaopita una maana. Usaha na tezi zilizovimba shingoni navyo si vya kusubiri. Ugonjwa wako ukisambaa kwa nguvu usoni na kifuani na kukataa kila dawa, daktari atakushauri upime VVU. Usichukie, kwa sababu kinga iliyoshuka ni sababu inayojulikana ya demataitisi kali.

Limau, siki isiyochanganywa na magadi kichwani naomba uviache. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, magadi ni kinyume chake, na limau huchoma palipokwaruzwa. Mafuta ya mti wa chai yaliyochanganywa kwenye shampuu kwa asilimia 5 yameonyesha kusaidia mba, lakini ukiyapaka yenyewe yatakuunguza. Usingizi nao una nafasi yake, maana uchovu na msongo huamsha ugonjwa huu. Najua unavyolala na mtoto wa miezi mitano, kwa hiyo sitakuagiza usichoweza. Kama yupo mtu nyumbani wa kumshika mtoto dakika ishirini mara mbili kwa wiki ili shampuu ikae muda wake, muombe.

Swali lako la mwisho ni kunyoa. Kunyoa hakutibu mba na hakuongezi nywele, wala zitakazoota hazitakuwa nene zaidi. Zinaonekana nene tu kwa sababu ncha zake zimekatwa butu. Faida yake ni moja, kwamba dawa hufika kwenye ngozi kwa urahisi. Kama umechoka na unatamani kichwa chepesi, nyoa bila wasiwasi. Kama unazipenda nywele zako, huna sababu ya kitabibu ya kuzitoa: ziache, zigawanye kwa mistari, na anza shampuu wiki hii. Ikifika wiki ya nne mwasho haujapungua, nenda kwa daktari wa ngozi na chupa ya dawa uliyotumia pamoja na ile picha ya utosi.